Sindano Zimenyooka, Honi Haikusikika: Kisa cha Rubani Mwanafunzi Katika Simuleta, Mombasa

Salma si jina lake. Chuo sikitaji, aina ya simuleta siitaji, na mpangilio wa vikao nimeusogeza kidogo ili asitambulike. Namba za vipimo nimezifupisha bila kuharibu uwiano wake. Yeye mwenyewe ameisoma taarifa hii na kuniruhusu niitoe, kwa sharti moja: nisimfanye aonekane mzembe. Hakuwa mzembe. Kisa hiki, kwa sehemu kubwa, ni chetu sisi tuliokuwa tukimpima.

Usuli

Chumba kiko ghorofani, Mombasa upande wa bara. Ndani mna simuleta isiyotikisika: viti viwili, usukani, pedali, paneli ya ndege ndogo ya injini mbili ambayo magurudumu yake hukunjwa, na skrini tatu mbele. Nyuma pana meza ya mkufunzi yenye kompyuta inayochora njia ya ndege na kuhifadhi kila kinachofanyika, mara kumi kwa sekunde. Kiyoyozi kipo. Siku nyingine hufanya kazi.

Salma alikuwa tayari na leseni ya urubani wa biashara, sasa akijiandaa kwa mtihani wa kuruka kwa kutazama vyombo pekee. Mkufunzi wake, ambaye sote twamwita Kapteni, ameruka miaka mingi na ana sauti isiyopanda hata siku mbaya. Kazi yangu mimi ni mitambo na takwimu: naiwasha simuleta, nahifadhi data, natoa grafu.

Zoezi lilikuwa ni lile lile kila kikao, kushuka kwa ILS, mfumo wa ishara za redio unaomwongoza rubani hadi chini, kwenye njia ya kutulia namba 03 ya Uwanja wa Ndege wa Moi. Wakati wa kaskazi ndege inayotua upande huo huja kutoka Kwale, ikavuka hori la Port Reitz huku upepo ukiipiga usoni, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia. Mbele ya rubani pana sindano mbili. Ya kwanza humwambia kama yuko kushoto au kulia ya mstari wa katikati. Ya pili humwambia kama yuko juu au chini ya mteremko wa digrii 3. Kwa mwendo wa noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, kuufuata mteremko huo ni kushuka takriban futi 530 kila dakika, na maili 5 za mwisho humalizika kwa dakika 3.

Kwa mtu asiyeruka, dakika 3 ni za kumenya chungwa. Kwa mwanafunzi ni safari nzima.

Tulikuwa tukipima nini

Tulikuwa na vipimo viwili. Cha kwanza kilikuwa cha umahiri: sindano zimekaa umbali gani kutoka katikati. Kompyuta huchukua kila tofauti, huizidisha kwa yenyewe, hutafuta wastani wa zote, kisha hutoa kipeuo cha pili cha wastani huo. Faida yake ni kwamba kosa kubwa moja halijifichi nyuma ya makosa madogo mengi. Tulihesabu kwa nukta za kwenye chombo, si kwa futi, na kwa sababu nzuri. Sindano ya mteremko hufika mwisho wake ndege ikitoka nje kwa digrii 0.7 hivi. Ukiwa maili 5 kutoka inakoanzia ishara, hizo ni futi zipatazo 370. Ukiwa maili 1, ni futi 74 tu. Mkono ule ule unaotosha mbali hautoshi karibu, na anayehesabu kwa futi humwadhibu rubani kwa kosa la mwanzoni ambalo halina madhara, akamsamehe la mwishoni ambalo lingemuua. Kikomo tulichojiwekea kilikuwa nusu ya mwendo wa sindano, yaani nukta 1.

Kipimo cha pili kilikuwa cha mzigo wa kazi, na hapo tulitumia fomu ya NASA-TLX. Waliochapisha fomu hiyo ni Sandra Hart na Lowell Staveland, mwaka 1988, na bila shaka ndiyo inayotumiwa kuliko zote za aina yake. Ina mistari sita: kazi ya akili, kazi ya mwili, shinikizo la muda, utendaji, juhudi, na kukereka. Mjazaji hutia alama kwenye kila mstari, kutoka 0 hadi 100. Fomu kamili humtaka pia alinganishe mistari miwilimiwili, jozi 15 kwa jumla, aseme upi ulimlemea zaidi, na majibu hayo hutumika kuupa kila mstari uzito wake. Sisi tuliruka hatua hiyo, kama wengi wanavyofanya, tukachukua wastani wa mistari sita.

Mstari wa utendaji una mtego. Mitano mingine huenda kutoka "kidogo" hadi "sana". Huu huanza na "vizuri" kushoto na kuishia na "vibaya" kulia. Aliyefanya kazi safi atie alama karibu na 0. Nilikuwa najua hilo. Kumbe kujua kwangu hakukumfikia aliyekuwa akiielezea fomu.

Mlolongo wa mambo

Vikao vitano vya kwanza vilikwenda vizuri mno. Kikao cha kwanza wastani wa kosa la Salma kwenye mteremko ulikuwa nukta 0.9, cha tano ukafika 0.3. Siku hiyo Kapteni alikaa kwenye kiti akaruka njia ile ile ili tupate cha kulinganishia, naye akapata 0.4. Tukacheka. Mwanafunzi amempita mwalimu.

Fomu ya kikao hicho cha tano ilisomeka hivi: akili 30, mwili 15, muda 30, utendaji 90, juhudi 35, kukereka 10. Wastani, 35. Namba ya katikati, ya mtu anayefanya kazi bila kulemewa. Nikaiandika kwenye ripoti: umahiri juu, mzigo wa wastani, yuko tayari kwa hatua inayofuata.

Hatua hiyo ilikuwa kikao cha sita, na kilikuwa na mambo matatu mapya. Kapteni alicheza sehemu ya mnara wa kuongozea ndege akiwa na redio yenye ndege nyingine hewani. Upepo ulihama katikati ya njia. Na agizo la shinikizo la hewa lilibadilika, kwa hiyo Salma alipaswa kurekebisha chombo cha mwinuko.

Aliikamata sindano ya kwanza vizuri. Sindano ya mteremko ilipoanza kushuka, mahali ambapo mkono hupaswa kwenda kwenye wenzo wa kushushia magurudumu, redio ikamwita. Akajibu. Akarekebisha chombo cha mwinuko. Akarudi kwenye sindano, na hapo akabaki.

Magurudumu yalikuwa bado tumboni mwa ndege. Ndege isiyoshusha magurudumu haina wa kuishika hewani, ikawa haipungui mwendo, naye akawa anazidi kurudisha throto, wenzo wa nguvu ya injini, nyuma ili abaki kwenye noti 100. Throto ikirudi chini ya kiwango fulani huku magurudumu yamekunjwa, honi hulia. Ilianza kulia tukiwa futi 1,100 hivi juu ya uwanja. Mimi niliisikia. Kapteni aliisikia, akanyanyua kiganja kunizuia nisiseme kitu. Mnara ukamwita tena, hakujibu. Ukamwita mara ya tatu. Kimya. Kwenye skrini yangu mstari wake ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi.

Kwenye futi 500 Kapteni akabonyeza kitufe, picha ikaganda. Honi ilikuwa imelia zaidi ya dakika nzima.

"Salma."

"Naam, Kapteni."

"Wasikia nini?"

Akageuza kichwa huku na huku, kama mtu aliyeamshwa kwenye matatu kituo kimeshapita. Ndipo akaisikia.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Jioni ile tulikuwa na njia tatu, na hatukukubaliana. Kapteni aliona ni usahaulifu. "Kila mtu husahau magurudumu siku moja, heri asahau hapa." Angemrudishia orodha ya ukaguzi, wakasonga mbele. Mimi nilitaka tusimamishe vikao mpaka tujue kwa nini mtu mwenye mzigo wa 35 hasikii honi. Msimamizi wa chuo alitaka tu kujua kama ratiba ya mtihani itasogea.

Kapteni alinipa siku tatu. Nazitaja siku hizo kwa sababu angeweza kuninyima. Kifaa si changu, mwanafunzi si wangu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kufungua data ambayo tulikuwa tukiihifadhi tangu mwanzo bila kuitazama: mwendo wa usukani. Nikahesabu ni mara ngapi usukani ulibadili mwelekeo katika zile dakika 3 za kikao cha tano. Kapteni, aliyepata nukta 0.4, aliugeuza mara 60 na ushee. Salma, aliyepata 0.3, aliugeuza zaidi ya mara 200. Kapteni aliiweka pua ya ndege mahali pake, akaipa injini nguvu inayostahili, akaiacha. Salma alikuwa akiifukuza sindano, kila ikitikisika naye yupo. Matokeo ya wote wawili yalikaribiana kiasi cha kutufanya tucheke, lakini gharama ya mmoja ilikuwa mara tatu ya mwenzake.

Jambo la pili lilikuwa kuzungumza naye Kapteni akiwa hayupo. Tulikaa nje barazani na kahawa tungu na kashata, nikaweka ile fomu katikati yetu. Nikamuuliza kwa nini utendaji ulikuwa 90.

"Si nilifanya vizuri, dada? Kapteni alisema hapa weka umefanya vizuri kiasi gani."

Kwa hiyo 90 yake ilikuwa sifa, na fomu iliisoma kama aibu. Ingesomwa alivyokusudia ingekuwa 10, na wastani ungeshuka kutoka 35 hadi 22. Nikazidi kushangaa, kwa sababu sasa mzigo ulikuwa mdogo zaidi na honi bado haikusikika. Nikamuuliza kuhusu juhudi.

"Kapteni aliita bidii. Bidii nilitia, lakini nikiandika tisini itaonekana najisifu." Akakunywa kahawa. "Na hapo pengine aliposema hasira. Nitamwandikiaje mtu mzima kwamba nimeona hasira, naye amesimama pale ananitazama?"

"Na honi?"

"Dada, nikwambie kweli? Ile sindano ilikuwa imenimeza. Wallahi sikuisikia."

Nilimwamini. Hali hii inajulikana. Watafiti wa Toulouse, Ufaransa, wameipima ndani ya simuleta, marubani wakishindwa kusikia tahadhari ya magurudumu kwa sababu macho na akili vimeshikwa na kazi nyingine. Tatizo liko mbali na sikio.

Basi tukaamua mambo manne. Fomu itaelezwa na mtu asiyemsahihisha mwanafunzi, na itajazwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Maneno yatabadilishwa: "bidii" ikawa "ulitumia nguvu kiasi gani kufika hapo ulipofika", na "hasira" ikawa "ulikereka au kukata tamaa kiasi gani". Mstari wa utendaji ukawekewa picha ndogo pembeni, uso wa kucheka upande wa 0. Na tukaongeza kazi ya pili ndani ya kazi ya kwanza.

Hiyo ya nne tuliibishania. Njia ya kawaida ni kumpa rubani mlio na kitufe: ukisikia, bonyeza, kadiri unavyochelewa ndivyo akili yako ilivyojaa. Kapteni aliikataa, na sababu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Alisema mlio usio na maana mwanafunzi ataupuuza kwa haki, au ataufukuza kama alivyoifukuza sindano. Tukachukua redio yenyewe. Kila mteremko ulikuwa na miito 10, mitano ikiwa ya ndege yake na mitano ya ndege yenye jina linalokaribiana na lake. Ajibu yake tu. Mimi nipime sekunde kutoka mwisho wa mwito hadi anapofungua kinywa.

Tulijaribu na mapigo ya moyo, tukaacha. Kikao kimoja kiliangukia alasiri ya Ramadhani, kingine kiyoyozi kilikuwa kimekufa, cha tatu alipanda ngazi mbio kwa kuchelewa na feri ya Likoni. Moyo ulipanda mara zote tatu, na siku hizo hakuna hata moja ambayo ningeweza kusema ni urubani ulioupandisha.

Matokeo

Kikao cha saba tulikirudia kama cha tano, bila redio wala upepo wa kuhama. Fomu mpya, mlango umefungwa. Akili 85, mwili 25, muda 70, utendaji 20, juhudi 90, kukereka 55. Wastani, 57 na nusu. Njia ni ile ile, rubani ni yule yule, na sindano zake zilikaa pale pale kwenye 0.3.

Tulipoongeza miito ya redio, alijibu 2 kati ya 5 zake, na akajibu mmoja wa jirani.

Mafunzo yakabadilika. Kwa vikao vinne Kapteni alimfunikia sindano kwa kipande cha kadibodi, akimwonyesha kila sekunde kadhaa tu: weka pua, weka nguvu, subiri, tazama. Magurudumu yakafungwa na tukio badala ya kumbukumbu: sindano ya mteremko ikianza kushuka, mkono unashusha, mdomo unasema. Usukani ulishuka hadi chini ya mara 100. Miito yake yote mitano ikajibiwa. Na wastani wa kosa kwenye mteremko ukapanda kutoka 0.3 hadi 0.45, yaani kwenye karatasi aliharibika. Bado alikuwa ndani ya kikomo kwa mbali.

Mtihani aliufanya wiki tano baada ya tarehe ya awali. Alifaulu.

Uchambuzi

Kosa letu kubwa lilikuwa namba 35. Ilikuwa imezaliwa na makosa mawili yaliyovutana: mstari uliogeuzwa uliipandisha, na adabu ya mwanafunzi mbele ya mkubwa wake iliishusha. Yalikutana katikati yakatoa namba ambayo haikumshtua mtu. Lingekuwa kosa moja tu, tungeona 22 au kitu cha juu mno, tukauliza. Ningeangalia mistari mmojammoja kabla ya kuchukua wastani, ningeliona lile 90 limesimama peke yake kama mnazi uwanjani. Sikuangalia, kwa sababu grafu ya sindano ilikuwa imeshaniambia nilichotaka kusikia.

La pili, tuliuliza swali la mzigo kwa kinywa cha mtu mwenye kalamu ya kufaulisha. Hapa Pwani kijana hakuambii umemchosha. Ukimuuliza atakujibu "si kitu", na hakudanganyi; anakuheshimu. Fomu iliyotungwa kwingine haikuliona hilo, na haikuwa kazi yake kuliona.

Kipimo cha sindano chenyewe sikilaumu. Kilifanya kazi yake, ni sisi tuliokipa kazi ya pili. Kinasema ndege iko wapi. Hakisemi rubani amebakiwa na nini mfukoni. Swali hilo la akiba ndilo kiini cha kipimo cha Bedford, kilichotengenezwa na Roscoe na Ellis Uingereza kwa ajili ya marubani wa majaribio: ngazi 10, na nyingi kati yake hueleza rubani alibakiwa na nafasi kiasi gani ya kazi nyingine. Siku hizi twakitumia mwisho wa kila mteremko, kwa sababu hujibiwa kwa namba moja kabla mtu hajavua hedisetii.

Redio kama kazi ya pili ilifaa kuliko nilivyotarajia, ingawa miito mitano ni michache na 2 kati ya 5 inaweza kuwa bahati mbaya ya siku. Ina kasoro nyingine pia. Christopher Wickens alionyesha kwamba kazi mbili zinazopita njia moja, tuseme sikio na sikio, hugombana kuliko zinazopita njia tofauti. Kwa hiyo tulipima akiba ya masikio zaidi ya akiba ya jumla. Kwa kisa hiki ilitufaa, maana kilichopotea kilikuwa sauti. Kwa mwanafunzi anayesahau kutazama kipimo cha mafuta, sidhani.

Kapteni na mimi bado hatuelewani juu ya kadibodi. Yeye aona ndiyo iliyomponya Salma. Mimi naona ni kule kushusha magurudumu kwa tukio, kwa kuwa miito ilianza kujibiwa siku hiyo, kabla usukani haujatulia. Tulibadilisha vitu viwili kwa pamoja, kwa hiyo data haiwezi kutuamulia.

Baada ya haya yote nilirudi kabatini. Kuna fomu 11 za wanafunzi waliopita kabla ya Salma, zilizoelezwa kwa maneno yale yale, kwenye chumba kile kile. Kwenye saba kati ya hizo utendaji ni 80 au zaidi. Nimejaribu kukisia nani alimaanisha nini. Mmoja amepiga mstari chini ya alama yake mara mbili, kwa kalamu nyekundu, nami sijui alikuwa akijipongeza au akiomba msaada. Wengine wao wanaruka sasa.